Garimoshi la Wales Linalokata Kiuno Kwenye Kona

Usitelezeshe bado! Tazama kona moja tu, kisha uende zako.

Haya, karibuni tena. Niko Porthmadog, Wales, nakwenda Caernarfon kwa garimoshi la Welsh Highland. Kilomita 40, saa mbili na ushee. Ndiyo, bodaboda ingeshafika ikarudi. Viti na choo mtaviona kwenye picha, sivisemi. Reli hii upana wake ni milimita 597. Ile yetu ya zamani ya Mombasa ni mita nzima!

Mimi nimefuata hiki kichwa. Ni Garratt. Nimebeba viberiti viwili na rula, msicheke. Kila kiberiti ni injini kamili, ina silinda zake na magurudumu yake. Rula ndiyo boila na chumba cha dereva, imelalia hapa na hapa, imeshikwa kwa pini. Sasa nakata kona: kiberiti cha mbele kinageuka... cha nyuma kinafuata... rula haina habari! Narudia, polepole. Mbele. Nyuma. Umeona? Boila moja inalisha injini mbili, na kwa kuwa chini yake hakuna magurudumu, walilinenepesha walivyotaka.

Tumeondoka Beddgelert, sasa ndipo penyewe. Kila mita 40 tunapanda mita 1, na njia imejipinda kama nyoka. Nanyamaza, sikilizeni... Hizo ni injini mbili. Zinakwenda pamoja, zinapishana, zinakutana tena. Ah! Masizi jichoni. Kosa langu, nani alinituma kuchungulia?

Halafu kina Afrika ndani yake, jamani. Hiki ni namba 143, kilitumika Afrika Kusini. Mwaka 1958 ndicho kilikuwa Garratt ya mwisho kuundwa na Beyer Peacock pale Gorton, Manchester, mtaa ninaopita kila siku kwenda kazini. Kiwanda hichohicho ndicho kilichotuundia yale majitu ya aina ya 59, Garratt za reli ya Afrika Mashariki! Tani 252 kila moja. Hiki hapa sitini na kitu, mtoto kabisa. Moja, Mount Gelai, liko Makumbusho ya Reli Nairobi, na mlima wenyewe uko Tanzania. Msianze kugombana kwenye maoni.

Kuna aliyeniuliza mbona sikupanda treni ya mlima Snowdon, hapahapa Wales. Ile inafika juu zaidi, sawa, lakini inapanda kwa gurudumu la meno, limeng'ata reli ya meno iliyo katikati. Hiki kinapanda kwa miguu yake.

Nauli? Kwenye video fupi nilisema ni ghali mno. Nabadilisha, lakini nusu tu: ukiihesabu kama usafiri, ghali, ukiwa umekuja kwa zile kona, lipa unyamaze.

Wa Nairobi, nipigieni picha ya zile pini za Mount Gelai, nitaziweka kwenye video ya Ijumaa, nina maikrofoni mpya pia nataka... ngoja, ngoja, kona nyingine hiyo!