If the Moon Were Only 1 Pixel: mwenye mtoto anayesoma sayari amfungulie hii

Wazazi wenzangu wa Malindi, hii tovuti ni ya bure, haitaki kujisajili wala kudaunlodi kitu, aliitengeneza Josh Worth mwaka 2014. Mwezi ameufanya pikseli moja tu, yaani kinukta kimoja cha skrini, halafu kila kitu kuanzia Jua mpaka Pluto amekipanga kwa kipimo hicho hicho, ukubwa na umbali, wewe kazi yako kuskroli.

Na raha yake ndio hapo, manake vitabu vya shule vinachora sayari zimebanana kama ushanga kwenye uzi, mtoto anakua akijua Mirihi ni hapo jirani tu. Huku unalipita Jua, upana wake pikseli 400 hivi, kisha ni giza, unavuta weee mpaka kidole kinachoka, Utaridi ni kinukta ukipepesa macho kishakupita. Dunia na Mwezi zinaenea pamoja kwenye skrini ya simu, kati yao pikseli 110 hivi, na huo Mwezi ndio mbali kabisa binadamu alikowahi kukanyaga. Mpwa wangu alinyamaza hapo kisha akauliza, mjomba, kwa hivyo kwengine kote hamna kitu? Karibu kote hamna kitu, ndio.

Lakini msitoke kabla ya kubonyeza kile kitufe cha kasi ya mwanga. Ukurasa unajiendea wenyewe kwa kilomita karibu 300,000 kwa sekunde na bado unauona unatambaa polepole mno!! Kutoka Jua mpaka kwetu dakika 8 na kitu, Mshtarii dakika 43, Pluto saa 5 na nusu hivi. Wekeni simu mezani muiache mpaka ifike Duniani, msiiharakishe.

Inaishia Pluto na naona ni sawa, nyota ya jirani kabisa, Proxima Centauri, iko zaidi ya miaka 4 ya mwanga, simu ingetembea hivyo miaka yote hiyo. Sasa ile setilaiti Uhuru iliyorushwa hapa hapa Ngomeni tarehe 12 Disemba 1970, ilichunguza eksirei za shimo jeusi Cygnus X-1 lililo mbali miaka 7,000 ya mwanga! Watoto wetu waambiwe hilo.

The Scale of the Universe 2 ya mapacha Cary na Michael Huang nayo ni nzuri, inafika hadi mwisho wa ulimwengu tunaoweza kuuona, ila kule unaruka haraka kutoka kitu hadi kitu, ule utupu huusikii. Kama ni moja tu chukueni ya Worth, na mkipata kompyuta ni bora zaidi, Jua linaonekana lote zima.