Kipimo cha jeni za Dehalococcoides katika maji ya ardhini
Uzuri wa huduma hii ya qPCR (njia ya maabara ya kuhesabu nakala za jeni) ni kwamba haiishii kuhesabu Dehalococcoides, bakteria wanaovunja vichafuzi vyenye klorini: inapima jeni zao za tceA, vcrA na bvcA kila moja peke yake. Hapo ndipo penye thamani. Aina yenye tceA pekee huvunja trikloroetheni (kiyeyushi cha viwandani) vizuri, kisha hukwama kwenye vinili kloridi, ambayo husababisha saratani. VcrA au bvcA ndizo huivunja vinili kloridi hadi etheni, isiyo na sumu. Nakala za jeni zaidi ya milioni 10 kwa lita ni dalili njema kweli ya uvunjaji huo. Chuja lita 1 ya maji kwa kichujio cha mikromita 0.22, hifadhi kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Kasoro kubwa: asidi za humiki (zitokanazo na mimea iliyooza) huzuia mmenyuko wa qPCR na kushusha hesabu, lakini ripoti haionyeshi sampuli ya udhibiti ya kugundua kizuizi hicho. DNA ya seli zilizokufa nayo huhesabiwa.