Android 14 kwenye jua la Dodoma: uzoefu wangu

Nianze na kinachonikera, maana nakutana nacho kutwa nzima: kuwasha na kuzima data. Kwenye simu yangu ya zamani, yenye Android 9 (Android ndiyo mfumo unaoendesha simu), nilikuwa navuta mara moja pazia la juu, lile linaloshuka ukitelezesha kidole toka juu ya skrini, alama ndogo sita zinajipanga mstari mmoja. Nagusa ya data, imewaka. Nagusa tena, imezima. Android 12 ilipotoka mwaka 2021, Wi-Fi na data vikawekwa kwenye kigae kimoja, yaani kitufe kikubwa cha kwenye pazia, kilichoandikwa Intaneti. Ukikigusa hakiwashi wala hakizimi kitu, kinafungua dirisha jingine, humo ndimo uchague. Simu niliyo nayo sasa ina Android 14 na imerithi mtindo huohuo.

Anayeshinda kwenye Wi-Fi ya ofisi hataliona tatizo. Mimi nauza karanga, ufuta na mafuta ya alizeti Soko la Majengo, na bando nanunua la siku. Mteja wa Dar akitaka picha ya mzigo, nawasha data. Nikishatuma, nazima, la sivyo programu zitajisasisha zenyewe na bando litaisha hata adhuhuri haijafika. Kazi ya mguso mmoja imekuwa ya miguso miwili, tena mkono mmoja uko kwenye mizani. Aliyebuni hicho kigae sidhani kama amewahi kununua bando la siku.

Nafuu niliyoipata ni Kiokoa Data. Kimo kwenye Android tangu toleo la 7, ila kwangu kilikuwa kimefichwa ukurasa wa pili. Nilivuta pazia mpaka chini, nikagusa alama ya kalamu, nikakiburuta hadi kwenye vigae vinne vya mwanzo. Kikiwaka, programu ambazo hujazifungua hazigusi bando, isipokuwa zile ulizoziruhusu mwenyewe. Mimi nimeiruhusu WhatsApp peke yake. Zile nyingine zisubiri.

Kuhusu ukubwa wa vigae sina ugomvi. Kimoja kina nafasi ya kidole kizima na jina lake limeandikwa, siyo kubahatisha alama. Shida ni rangi. Tangu hiyo Android 12, mfumo unaweza kuchota rangi kwenye picha uliyoweka nyuma ya skrini na kupaka vigae, vitufe na menyu. Ndani ya nyumba inapendeza kweli. Sasa toka nayo nje saa saba mchana, jua la Dodoma likiwa utosini: kigae kilichowaka na kilichozima vinatofautiana kwa kivuli cha rangi tu, na kivuli chenyewe hukioni. Mistari ya kutenganisha vitu waliiondoa zamani, kwa hiyo jicho halina pa kushika. Nimeweka picha yenye rangi kali, nimewasha swichi ya kukoza maandishi kwenye sehemu ya Ufikivu, na mchana natumia mandhari meupe. Yale meusi nimeyapangia yajiwashe jua likizama. Wanaoyasifia kwamba yanatunza chaji wana haki kama kioo chao ni OLED, aina ambayo sehemu nyeusi hujizima. Changu ni LCD, aina nyingine, taa yake ya nyuma inawaka vilevile hata skrini ikiwa nyeusi tii.

Kwenye ishara, yaani kuiongoza simu kwa kutelezesha kidole badala ya vibonye, hapo nawapa alama zote. Kurudi nyuma kwa kutelezesha kidole kutoka ukingo wowote kulikuja na Android 10 mwaka 2019, na kwa mtu wa mkono mmoja ni neema. Simu zimerefuka mno, kidole gumba hakifiki juu. Samsung waliliona hilo mapema, One UI yao, yaani mwonekano wa Android kwenye simu zao, ikashusha vitu vya kugusa nusu ya chini na kuacha juu kwa ajili ya kusoma. Jirani yangu wa vibanda vya nafaka anayo Samsung, namuonea wivu kidogo. Ukiona unarudishwa nyuma bila kutaka unapopekua picha, punguza wepesi wa kingo kwenye mipangilio ya ishara.

Mama mkubwa wangu wa Mpwapwa hakuzitaka kabisa hizo ishara. Nilipomnunulia simu kama yangu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, vile vibonye vyangu vya chini umevipeleka wapi?" Nikamrudishia vitatu vyake, bado vipo ndani ya mipangilio. Maandishi nikayakuza hadi mwisho. Android 14 inaruhusu asilimia 200, na wamefanya jambo la akili: maandishi madogo yanakua sana, vichwa vya habari ambavyo tayari ni vikubwa vinakua kidogo, hivyo ukurasa hauvurugiki. SMS za pesa anazisoma mwenyewe sasa, bila miwani.

Kupokea simu ndiko kumemshinda. Programu iliyokuja na simu inataka alama isukumwe juu, naye anaibonyeza kama kitufe, inarukaruka tu pale ilipo mpaka mpigaji anakata. Siku hizi nikimpigia, anayepokea ni mjukuu.