Lami ya Ziwa Kivu, Rubavu mpaka Rusizi kwa baiskeli: uzoefu wangu

Ukiniuliza njia moja tu ya kuendesha baiskeli kando ya ziwa hapa Afrika Mashariki nakutajia hii, hata sijiulizi. Rubavu mpaka Rusizi, magharibi ya Rwanda, inapitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, lami mwanzo mwisho, kama kilomita 200 hivi. Wenyewe wanaiita Kivu Belt. Mimi ni mtu wa Kigoma nimekulia ziwani, maziwa hayanishangazi kirahisi, lakini hili limenikamata kabisa.

Kwanza tuliweke sawa jambo moja maana wengi wanalichanganya. Kuna Congo Nile Trail, hiyo ni njia ya kilomita 227 inayoanzia na kuishia miji hiyo hiyo, sehemu kubwa ni vumbi na mawe, inapita chini kwenye vijiji na mashamba, inafaa baiskeli ya milimani yenye tairi nene au watembea kwa miguu. Mi naongelea barabara ya lami. Ukiwa na road bike ya tairi nyembamba ukafuata alama za trail utateseka bure, kaa kwenye lami, na ukitaka kuonja vumbi chepuka kidogo halafu urudi.

Jambo la pili, anzia kaskazini ushuke kusini. Rwanda wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukitoka Rubavu kuelekea Rusizi ziwa liko mkono wako wa kulia na wewe uko kulia, hakuna gari linalopita kati yako na maji, ukitaka kusimama upige picha unasogea tu pembeni bila kukatiza barabara. Kwa sisi Watanzania na Wakenya tuliozoea kushoto hili ni muhimu sana, hasa asubuhi unapoingia barabarani na kichwa bado kina usingizi, jiambie kulia kulia kulia mpaka mwili uzoee.

Rubavu penyewe, Gisenyi ya zamani, ni mji wa ufukwe, Goma iko hapo hapo ng'ambo ya mpaka na Kiswahili unaongea bila shida. Kula vizuri, lala mapema. Ukiwa na nusu siku nenda Nyamyumba kwenye maji moto, yako jirani na kiwanda cha bia, watu wanaloweka miguu pale na nakushauri na wewe uloweke kabla hujaanza maana kesho yake utaihitaji miguu hiyo.

Maana milima, jamani. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika letu liko kwenye 770 na kitu, kwa hiyo hewa unaisikia tofauti tangu siku ya kwanza, halafu barabara haikai kwenye usawa wa maji hata kidogo. Inafuata mabega ya vilima, inaingia ndani kuzunguka ghuba, inashuka mpaka kwenye daraja la mto, inapanda tena, inatokea kwenye kona unaona ziwa lote limetandazwa na visiwa vyake, halafu inarudi ndani. Tambarare utaitafuta. Ndiyo maana nasema usiangalie kilomita, kilomita 60 za hapa si kilomita 60 za Dodoma kwenda Singida. Gawanya safari kwa siku 3 au 4 na hutajuta, anayeimaliza kwa siku moja anaweza, wapo watu wa mashindano wanaoweza, lakini huyo ataondoka na namba kwenye saa yake tu, ziwa hajaliona.

Kipande cha Rubavu mpaka Karongi ni karibu kilomita 100 na ndicho kigumu zaidi kwangu. Mwanzoni kuna mashamba ya chai ya Pfunda, kijani kile mpaka macho yanauma, halafu barabara inakuacha mbali na ziwa, unapanda Rutsiro muda mrefu, kuna baridi na ukungu asubuhi, beba jaketi jepesi hata kama ni kiangazi. Huku ziwa unaliona kwa vipande. Wengine wanalalamika kwamba walitegemea maji muda wote, mi sikuliona kama tatizo, ule mlima ndio unaokuandalia mteremko wa kuingia Karongi na ule mteremko unalipa kila kitu, kona baada ya kona na chini kuna rasi na visiwa vidogo vidogo vimejaa kwenye maji. Breki ziwe nzima kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu baiskeli niliyokodi, duka sitalitaja, ilikuja na pedi za breki za nyuma zimelika mpaka chuma na jamaa aliniambia zitafika tu, nikakataa kuondoka mpaka zikabadilishwa. Ukikodi kagua mwenyewe, pedi, tairi, cheni, na uombe gia nyepesi kuliko unazotumia nyumbani, gia kubwa kabisa ya nyuma iwe na meno 32 au zaidi. Tairi za milimita 28 zinatosha, 32 ni raha zaidi.

Karongi, wengine bado wanaita Kibuye, ndipo pa kupumzika siku nzima. Panda boti uende kwenye visiwa, kile wanachokiita kisiwa cha Napoleon kina popo wengi ajabu, wakiruka anga linageuka jeusi. Jioni kaa mahali unaona maji. Wavuvi wanatoka na mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wanapiga makasia huku wanaimba, taa zinawashwa, wanaenda kuvua sambaza, samaki wadogo kama dagaa. Sasa hapa mtu wa Kigoma ndipo utamu ulipo, sambaza hao asili yao ni kwetu, ni lumbu wa Tanganyika, waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu ziwa lilikuwa halina samaki wa aina hiyo, na leo ndio kitoweo cha watu wote wa huku. Wanakaangwa wakavu wanakuja na limao na pilipili, nilikula sahani nikaongeza nyingine. Ila kila mwaka uvuvi unasimamishwa kama miezi miwili samaki wazaliane, ukienda kipindi hicho wimbo hutausikia na sambaza utawapata kwa tabu.

Ukiwa Karongi utaona pia mtambo majini, ule ni wa kuvuta gesi ya methane kutoka chini ya ziwa, KivuWatt, umeanza 2016 na unatoa megawati 26. Kivu lina kina cha karibu mita 480 na huko chini kuna gesi nyingi imeyeyuka kwenye maji. Kuogelea watu wanaogelea, mamba hakuna kiboko hakuna, kwa mtoto wa Tanganyika hiyo peke yake ni starehe, ila waulize wenyeji wapi pa kuingia.

Na kabla hujaondoka, simama kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994 pale kanisani mjini. Juu zaidi milimani kuna Bisesero, ambako watu walijikusanya wakapigana kwa mawe na mikuki kwa wiki kadhaa, tangu 2023 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Kupanda kule kwa baiskeli ni kazi kweli, unaweza kukodi gari, ila nenda. Mi sikuona sawa kupita vilima hivyo kwa kusifia mandhari tu.

Karongi kwenda Nyamasheke, hapa sina maneno ya kutosha. Hiki ndicho kipande cha kwenda hata kama una siku moja tu. Ziwa halikuachi, kila ghuba ina kijiji chake na migomba yake, mashamba ya kahawa yanashuka mpaka majini, na ukienda miezi ya mavuno, Machi mpaka Juni, unakuta kahawa imeanikwa kwenye meza ndefu na kina mama wanachambua mbegu moja moja huku wanapiga stori. Lami safi, magari machache, mashimo sikuyaona. Tatizo ni pembeni, barabara haina nafasi kubwa ya baiskeli na mtaro wa mawe uko hapo hapo mrefu kwenda chini, kwa hiyo basi likija nyuma usijibane mpaka ukingoni, shika mstari wako wazi wakuone.

Halafu watu wa baiskeli wa huku. Utakutana na abanyonzi, ndio bodaboda wa baiskeli, na vijana wanaosukuma magunia ya viazi na mikungu ya ndizi kwa baiskeli za chuma zisizo na gia hata moja, na wakiwa hawana mzigo wanakupita kwenye mlima wewe na baiskeli yako ya maelfu. Baiskeli huku inaheshimika. Tour du Rwanda inapita kila mwaka, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, basi watoto wakikuona wanakimbia na wewe mlima mzima wanapiga kelele komera, komera, yaani jipe nguvu. Punguza mwendo kwao, wanaruka barabarani bila kuangalia. Wasalimie wakubwa mwaramutse asubuhi, mwiriwe mchana, Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017 lakini vijiji vya katikati wengi ni Kinyarwanda tu.

Chakula njiani sio shida, chapati, mandazi, ndizi, mayai, chai ya maziwa, na ikivuguto ambayo ni mtindi mzito wa baridi, kwangu ilishinda jeli zote za michezo. Maji beba chupa mbili. Weka hela ya simu na noti ndogo. Mfuko wa plastiki acha nyumbani, umepigwa marufuku tangu 2008.

Msimu nenda Juni mpaka Agosti. Machi mpaka Mei mvua ni kubwa na vilima vinaporomoka kweli, Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 na mkoa huu wa magharibi ndio ulioumia zaidi. Na kwa sababu Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, fuatilia habari za mpaka kabla ya kupanga, mi upande wa Rwanda nilipita kwa amani muda wote. Jua linazama saa 12 jioni kule, saa 11 uwe umeshafika unapolala.

Rusizi nilifika nikaenda kuangalia mto unapotokea ziwani, maji yale yanashuka mpaka Tanganyika, kwetu. Kurudi Kigali kuna mabasi yanayopita msitu wa Nyungwe, ulizia mzigo wa baiskeli kabla hujalipa tiketi maana sio kila basi linabeba, na mwenye miguu bado aupande huo msitu kwa baiskeli, kuna kima wengi barabarani na baridi kali. Alama zangu 9 kwa 10, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya mitaro.