Uzoefu wangu: Prado iliyochemsha mchangani, na gereji ya Malindi iliyopima kwanza ndipo ikashika spana

Kwa miaka sita sasa ninamiliki Toyota Land Cruiser Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, ile ya silinda nne na ujazo wa lita 3. Kazi yake kubwa ni kuwapeleka wageni Marafa kutazama korongo la Nyari, kuwapitisha kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui, na mara mojamoja kuingia nao Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Naandika kueleza huduma niliyoipata katika gereji ndogo iliyo nje kidogo ya mji wa Malindi, baada ya gari hilo kunisumbua kwa kuchemsha kwa muda wa miezi saba na baada ya kulipia matengenezo mawili ambayo hayakutengeneza kitu.

Anayeijua injini hii hatashangaa kwamba nilikuwa na hofu. Bloku yake ni ya chuma lakini hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda, ni ya alumini, na ikipata joto la kupita kiasi hedi hiyo hupinda au hupasuka ufa, na ufa ukishaingia, moshi wa silinda na maji ya kupozea huanza kupitana njia moja. Kila fundi wa Pwani ana kisa chake cha 1KZ iliyopasuka hedi, na visa hivyo ndivyo vilivyokaribia kunitia hasara kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Dalili zilikuwa hivi. Kwenye lami, hata nikienda Kilifi na kurudi na eyasii (kipoza hewa cha ndani ya gari) ikiwa imewashwa, sindano ya joto haikuondoka katikati. Nikiingia mchangani Mambrui kwa gia ndogo za kuvuta magurudumu manne, mwendo wa kutambaa, haikupita robo saa kabla sindano haijaanza kupanda. Nikizima eyasii ilishuka kidogo, kisha ikapanda tena. Hali ilikuwa mbaya zaidi msimu wa kaskazi, nikirudi mjini na upepo uko mgongoni. Kila baada ya safari ya namna hiyo maji yalipungua kidogo, si mengi, kama kikombe kimoja cha chai. Wakati huo niliziona hizi kama shida nne tofauti.

Gereji ya kwanza iliniondolea thamostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto kuyaruhusu maji yapite. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba kwa joto la huku kwetu thamostati haina faida, ni kifaa cha nchi za baridi. Maneno haya nimeyasikia tangu utotoni na nikayakubali bila kuyafikiri. Baadaye nilielezwa kwamba thamostati ya injini hii ina kazi mbili: inapofunguka kuyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta, kisahani chake cha chini huziba njia ya mkato ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini wakati bado ni baridi. Ukiiondoa, njia hiyo ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Kwa hiyo asubuhi injini ilikawia kupata joto lake la kazi na kunywa dizeli zaidi, na mchana mchangani ikachemsha mapema kuliko kwanza.

Gereji ya pili iliniuzia rejeta mpya, ya bei nafuu, shilingi 16,000. Walipoifunga, kava la plastiki linaloizunguka feni halikukaa kwa sababu matundu ya skrubu hayakulingana, wakanirudishia mkononi na kusema si la lazima. Nikalitupa stoo nyuma ya magunia. Mahali pa tatu sikutengenezewa kitu, ila niliambiwa kwa uhakika mkubwa kwamba hedi imekwisha na nitafute shilingi 90,000 za kuanzia. Fundi aliyesema hivyo alikuwa amesimama mbele ya gari kwa dakika tatu hivi, mikono nyuma.

Gereji ninayoisifu leo nilielekezwa na dereva mwenzangu. Mzee mwenyewe wa gereji, baada ya salamu na kunikaribisha kiti chini ya mkwaju, hakufungua boneti. Aliuliza maswali kwanza: linachemsha likienda mbio au likienda polepole, maji hupungua kiasi gani, mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu asubuhi kabla injini haijawashwa, moshi una weupe, mafuta ya injini yamegeuka rangi kama chai ya maziwa? Nilipomwambia ni mwendo wa polepole tu, akatikisa kichwa akasema, "Bwana, gari likichemsha kwa kasi au kupanda mlima, utilie shaka maji hayazunguki au rejeta imeziba. Likichemsha kwa kutambaa, kwanza utilie shaka upepo." Akaniomba nimwachie gari siku nzima, na akanitajia shilingi 2,500 kuwa ada ya kupima, ambayo ningelipa hata kama nisingetengeneza kwake. Nakiri kwamba nilisita, maana hapa kwetu hatujazoea kulipia kuambiwa tu ugonjwa.

Vipimo nilivishuhudia mwenyewe na nitavieleza, kwa sababu ndivyo nilivyovilipia. Injini ikiwa baridi, alianza na mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo si wa kuzuia maji yasimwagike tu. Una springi inayofunga mfumo mpaka shinikizo lifike kiwango kilichoandikwa juu yake. Wangu umeandikwa 0.9, yaani karibu bar 0.9 juu ya shinikizo la kawaida la hewa, na katika shinikizo hilo maji matupu hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 118. Aliufunga kwenye pampu ndogo ya mkono yenye geji, akapampu taratibu, na kabla sindano haijafika nusu ya kiwango hicho mfuniko ukaanza kupumua kwa sauti nyembamba. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupata mkunjo mmoja mdogo, usiozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Hapo palitoka maelezo ya kikombe changu cha chai: maji yalikuwa yakisukumwa nje mapema, na mengine yakigeuka mvuke, na yakipungua hivyo injini inazidi kupata joto.

Kisha akaifunga pampu hiyohiyo kwenye mdomo wa rejeta, akaweka shinikizo, na tukanywa kahawa. Baada ya robo saa sindano ya geji haikuwa imesogea, kwa hiyo hapakuwa na mpira, pampu ya maji wala kiungo kinachovuja.

Kipimo cha hedi ndicho nilichokiogopa. Anayo chupa ya maji ya rangi ya buluu ambayo humiminwa kwenye bomba la kioo, bomba hilo likakalishwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, na hewa iliyo juu ya maji ya rejeta ikavutwa ipite ndani ya ile buluu. Ikiwa moshi wa silinda unaingia kwenye maji, buluu hugeuka na kuwa kijani au manjano. Alirudia mara mbili, mara ya pili injini ikiwa imeshika joto barabara. Rangi ilibaki buluu ya wino. Mzee akaniambia kipimo hiki si hukumu ya mwisho, kwa kuwa ufa mwingine hujitokeza gari likibeba mzigo tu, lakini kwa dalili zangu haoni sababu ya kuifungua hedi. Nilizikumbuka zile shilingi 90,000, nikakaa kimya.

Jioni tuliingia njia ya mchanga pamoja naye. Alikuwa na kipimajoto cha mkononi cha kulenga kwa miale, nasi tukasimama kila baada ya muda mfupi akilenga kasha la thamostati, mpira wa juu, mpira wa chini, na uso wa rejeta huku na huku. Nilijifunza hapo jambo ambalo kila mwenye Toyota anapaswa kulijua: sindano ya dashibodi imetengenezwa itulie katikati kwa masafa mapana ya joto, na inapoanza kupanda injini imekwisha kuvuka mpaka wa raha zamani. Uso wa rejeta ulikuwa na joto lililo sawa kote, hapakuwa na sehemu ya baridi inayoonyesha mirija iliyoziba, ila maji yalitoka chini yakiwa karibu na moto uleule yalioingia nao juu. Maji yalikuwa yakipita vizuri, lakini hapakuwa na upepo wa kuyapoza.

Akazima injini ikiwa ya moto hivyohivyo, akashika pangaboi la feni na kulisukuma kwa kidole. Likazunguka mizunguko kadhaa lenyewe, laini kabisa. Feni hii haishikani moja kwa moja na injini. Katikati yake pana kishikio chenye mafuta mazito ya silikoni, na mbele yake springi ya bati iliyojikunja inayohisi joto la hewa ipitayo kwenye rejeta. Joto likipanda, springi hufungua njia ya mafuta hayo, na feni hushikwa na kuvuta kwa nguvu, kwa hiyo injini ikiwa ya moto ukiisukuma kwa mkono inapaswa kukupa ukinzani. Yangu haikuwa nao, na kwenye bearingi yake palikuwa na utepe mweusi wa vumbi lililoshikana na mafuta, ambako silikoni ilikuwa imevuja pole pole kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeutazama utepe huo mara nyingi nikidhani ni grisi.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi kueleza. Kati ya kondensa ya eyasii, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, na rejeta yenyewe, mahali ambapo waliofunga rejeta mpya hawakujali kupasafisha, palikuwa na ganda la tope jekundu la njia ya Sala lililochanganyika na mbegu za nyasi, limekauka kama udongo wa ukuta. Lilioshwa kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kwa mashine ya nguvu, kwa maana vibati vya rejeta hulala vikipigwa. Lile kava la feni nililitoa stoo. Mzee akalitoboa masikio mapya na likakaa. Bila kava hilo feni huzungusha hewa ileile ya moto iliyo nyuma yake badala ya kuvuta mpya kupitia uso wote wa rejeta, kwa hiyo lile "si la lazima" lilinigharimu miezi minne ya mashaka.

Kuhusu kishikio cha feni nilipewa hiari: kukijaza silikoni upya, au kununua kilichotumika kutoka Japani. Kwa kuwa bearingi ilikuwa tayari inavuja, nilichagua cha pili kwa shilingi 7,000. Thamostati mpya ilitiwa kwanza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto, na tukaiona ikianza kufunguka karibu na nyuzi 82 kama ilivyochongwa. Mfumo ukaoshwa mpaka maji yakatoka meupe. Yaliyotoka mwanzo yalikuwa ya rangi ya kutu, na kosa hilo ni langu mwenyewe, kwani nilikuwa nikijazia maji ya kisima cha nyumbani, na visima vyetu vya karibu na bahari vina chumvi na chokaa. Sasa gari limetiwa kulanti (dawa ya maji ya kupozea) nyekundu nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya kutilia betri. Pua ya gari iliinuliwa juu ya tuta, hita ya mbele na ya nyuma zikafunguliwa hadi mwisho, na hewa ikaachwa itoke mpaka mapovu yakakatika.

Jumla nililipa shilingi 21,300, pamoja na ada ya kupima. Malalamiko ninayo. Niliahidiwa siku mbili zikawa tano, kwa sababu kishikio cha feni kilicholetwa kwa basi kutoka Mombasa mara ya kwanza hakikuwa chenyewe, na hakuna aliyenipigia simu kunijulisha. Nilifika na wageni wangu wakiwa wamekwisha kulipa, ikanibidi kukodi gari la mwenzangu. Matokeo ya vipimo hayakuandikwa popote isipokuwa katika daftari la Mzee, na nilipoomba risiti yenye kila kipuri na bei yake nilipewa karatasi yenye jumla peke yake. Kwa gereji inayopima kwa uangalifu wa namna hii, kutoandika ni kasoro ambayo siwezi kuisamehe.

Nimekwisha kuingia Mambrui mara tisa tangu wakati huo, mbili kati yake adhuhuri ya Februari na eyasii ikiwa imewashwa, na niliongeza geji ndogo ya namba ili nisiitegemee sindano. Namba kubwa niliyoiona ni nyuzi 94, na maji hayajapungua hata kijiko. Asubuhi ya kwanza baada ya kulichukua gari nilishtuka, maana injini ilipowaka feni ilinguruma kama lori kwa dakika nzima kisha ikatulia. Nikampigia Mzee simu nikiwa na wasiwasi wa kuanza upya. Akacheka, akanieleza kwamba silikoni hujikusanya usiku gari likilala na huchukua muda kusambaa, kisha akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilipousikia mngurumo huo. Nikafikiri sana, nikashindwa kumjibu.