Nililipia kifurushi nimwone Oscar Micheaux, nikaishia kupigiwa kelele za kubeti

Nianze na nyota ili wavivu wa kusoma waondoke mapema: moja. Nilikuwa nimeweka mbili, nikakumbuka lile jibu la huduma kwa wateja, nikairudisha moja.

Jina la app silitaji. Ni ile unayolipia kifurushi cha mwezi kwa simu, na walionayo wameshajua naisema ipi. Mambo ya bei, ubora wa picha na vifaa vingapi vinaingia kwenye akaunti moja, someni kwenye ukurasa wao. Mimi kilichonivuta ni kitu kimoja tu: waliweka safu ya sinema bubu za zamani, na ndani yake mbili za Oscar Micheaux. Nilipoliona lile jina nililipa palepale. Hapa kwetu hizo filamu unazisikia tu, huzioni.

Kwa wasiomjua, na wala silaumu: Micheaux alikuwa Mmarekani mweusi, kazaliwa 1884 huko Metropolis, Illinois, na baba yake alizaliwa mtumwa. Kijana akafanya kazi kwenye mabehewa ya kulala ya treni, kutandika vitanda vya abiria na kubeba mizigo yao, akadunduliza mpaka akapata shamba South Dakota, majirani zake wote weupe. Akalima kweli. Akaoa binti wa mchungaji kutoka Chicago, ndoa ikavunjika, na lawama zote akambebesha baba mkwe. Ndiyo maana kwenye kazi zake ukimwona mchungaji, shika pochi yako. Hasira ya namna hiyo naielewa vizuri sana wiki hizi.

Ukame na madeni vikamtoa shambani, akageukia kuandika riwaya, akazichapisha mwenyewe na kuziuza nyumba kwa nyumba kwa walewale wakulima wa Kizungu. Ikatokea kampuni moja ya filamu ya Weusi, Lincoln, ikataka kuitengeneza riwaya yake iitwayo The Homesteader. Akasema sawa, ila naongoza mwenyewe. Mtu hajawahi kushika kamera! Wakakataa. Akafungua kampuni yake, akawauzia wakulima wa maeneo ya Sioux City hisa, na mwaka 1919 filamu ikatoka. Nakala yake haijapatikana mpaka leo.

Mimi nahariri video za harusi na filamu fupi za hapa Dar, kwa hiyo sehemu niliyoipenda zaidi kwenye maisha yake ni ile ya kuuza. Alikuwa anazunguka mji kwa mji na picha za waigizaji mkononi, anaingia ofisi ya mwenye ukumbi, anamsimulia filamu ambayo bado haijapigwa, anaondoka na hela ya awali. Hiyo hela ndiyo inayokwenda kupigia filamu. Hakuwa na anasa ya kurudiarudia shoti. Mwigizaji akijikwaa, amejikwaa. Watu wa Bongo Movie ambao kava lilitoka kabla ya filamu, babu yenu huyo hapo.

Sasa tuje kwenye huduma.

Filamu niliyoitaka ni Within Our Gates ya mwaka 1920. Ndiyo filamu kongwe kuliko zote zilizosalia za mwongozaji Mmarekani mweusi, na wengi wanaichukulia kama jibu kwa D. W. Griffith, aliyetoa The Birth of a Nation mwaka 1915 na kuwafanya Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, mashujaa. Nikasubiri nyumba ilale, nikaunga simu kwenye TV, nikakaa.

Hakuna muziki. Kimya kabisa, kama kuangalia watu nyuma ya kioo cha benki. Hapo tayari nikaanza kununa, maana sinema bubu hazikuwahi kuwa kimya ukumbini. Palikuwa na piano, au bendi nzima. Filamu hii ilifunguliwa kwenye ukumbi wa Vendome, Chicago, ukumbi uliokuwa na okestra ya Erskine Tate, na miaka michache baadaye Louis Armstrong mwenyewe akawa anapiga tarumbeta humo chini ya skrini. Na sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, tuliokuwa na Lufufu akitusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, Wakenya na DJ Afro wao, Waganda na VJ Jingo wao, tusifundishwe kwamba picha inahitaji mtu wa kuisindikiza. App inayojiita ya kimataifa imeshindwa kubandika hata kinanda.

Haya, nikavumilia. Picha yenyewe inakubeba. Evelyn Preer anacheza Sylvia Landry, mwalimu wa shule ya watoto weusi wa Kusini, anakwenda Boston kutafuta fedha shule isifungwe. Baadaye filamu inarudi nyuma kutueleza ametokea wapi, na hapo ndipo Micheaux anapokukaba. Baba aliyemlea, Jasper Landry, analima shamba la bwana kwa kugawana mavuno. Sylvia kasoma, kamwandalia mahesabu vizuri ili safari hii asidhulumiwe. Mzee anakwenda na karatasi yake kwa bwana Gridlestone. Wanabishana. Mzungu mwingine mwenye kinyongo chake anampiga bwana risasi kupitia dirishani, na aliyesimama ndani ya chumba ni Landry. Unajua kinachofuata. Familia inakimbilia porini, umati unawasaka, wanaume, wanawake na watoto, wana bunduki na fimbo. Yule mtumishi mmbea Efrem, aliyemchongea Landry akidhani Wazungu wanampenda, umati unapochoka kusubiri, unamuua yeye kwanza.

Landry na mkewe wanakamatwa. Kamba inaonekana.

“WEKA MKEKA WAKO SASA!”

Naapa niliruka. Mzee wangu masikio yamechoka, baada ya taarifa ya habari huiacha TV sauti iko juu kabisa, na ukiwa unaangalia filamu isiyo na hata mnong'ono utajuaje? Tangazo la kubeti, muziki wa kudunda, jamaa anapiga kelele za bonasi, saa sita za usiku. Mtoto akaamka analia. Mzee akatoka chumbani na tochi akiuliza wameingilia wapi. Na tangazo lenyewe halirukiki, nimekaa na rimoti nabonyeza, jamaa anacheka tu na minoti yake.

Lilipoisha, filamu ilikuwa imeruka mbele. Ile kamba imeshapita. Nikarudisha nyuma, likaja tangazo lilelile, mahali palepale. Watu wawili wanakwenda kuuawa na umati, na kuna mtu ofisini, au mashine, imeona hapa ndipo pa kuuza mkeka.

Mimi nimeilipia hiyo huduma, jamani.

Asubuhi nikawaandikia kwa heshima zote. Nikaeleza kwamba mteja wa kifurushi cha kulipia anapigiwa matangazo, kwamba tangazo linakula kipande cha filamu, na nikaongeza kwamba filamu haina hata muziki kwa hiyo kelele inakuwa mara dufu. Akanijibu kijana, au binti, sijui: “Mpendwa mteja pole kwa usumbufu, tumehakiki na ni kweli filamu hii haina sauti.” Nikamwambia ndugu yangu, haina sauti kwa sababu ni ya 1920, shida yangu ni tangazo. Kimya kidogo, halafu: “Kaka, kwani zimeisha filamu zote mpaka uangalie hizo za marehemu?” Na kikatuni cha kucheka.

Nikajizuia. Nikaandika tena, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba. Baada ya muda ukaja ujumbe mwingine, wa kiofisi sasa: tatizo langu limeshughulikiwa, filamu imeondolewa kwa kuwa haikidhi viwango vya ubora wa sauti.

Imeondolewa! Nimelalamikia nzi, wamemwaga mchuzi.

Mwelewe kwa nini damu ilinichemka. Mwaka 1920 bodi ya ukaguzi ya Chicago iliikataa filamu hii mwanzoni. Kiangazi cha 1919 mji ule ulikuwa umetoka kwenye ghasia za rangi zilizoua watu 38, na wakaogopa kwamba watu wakiona mauaji yale kwenye skrini moto utawaka upya. Ikapita baada ya kukatwakatwa, miji mingine ikaigomea, na Micheaux, kwa vile ni muuzaji, akaugeuza huo ugomvi kuwa tangazo. Kisha ikapotea. Ikaja kuonekana miaka ya 1970 Hispania, nakala moja tu, imeandikwa La Negra, vibao vya maandishi, vile vya katikati ya picha vinavyobeba maneno ya filamu bubu, karibu vyote vimegeuzwa Kispanyola. Vya Kiingereza vya asili vilisalia vinne. Kipande kidogo cha katikati hakikupatikana. Maktaba ya Bunge la Marekani ikahangaika nayo, ikaandika upya vile vibao, ikaitoa mwaka 1993. Filamu iliyopenya kwa wakaguzi wa Chicago, ikavuka bahari, ikakaa miaka yote ile bila mwenyewe, ikafutwa na mtu wa huduma kwa wateja ambaye hata kuifungua hakuifungua.

Nilitaka kuidai hela yangu hapohapo. Sikuidai, na hapa ndipo nawafanyia haki ambayo hawaistahili.

Ile ya pili ilikuwa bado ipo. Body and Soul, 1925, filamu ya kwanza ya Paul Robeson. Anacheza watu wawili, mchungaji Isaiah ambaye kumbe ni mfungwa mtoro, na pacha wake mtu mwema. Hii waliiweka na muziki, ahsanteni. Nikaiangalia na mzee, ambaye ni mzee wa kanisa. Mchungaji anapohubiri amelewa, mzee alicheka mpaka akakohoa. Ilipofika ile ya usiku wa mvua, Micheaux haonyeshi kitu ila viatu vya Robeson vinasogea polepole kuelekea kwa yule binti, mzee akaacha kucheka, akasema huyu jamaa aliyetengeneza hii alikuwa na jambo moyoni. Nikamwambia habari za baba mkwe. Akataka kujua kila kitu: kwamba alifilisika 1928 akasimama tena, kwamba 1931 aliingia kwenye filamu za sauti na The Exile, kwamba ya mwisho, ya 1948, ilimwangusha vibaya akarudi kuuza vitabu, na kwamba mwaka 1951 alifia Charlotte, North Carolina, akiwa bado safarini anauza. “Mpaka mwisho?” Mpaka mwisho, baba.

Usiku ule peke yake ni nyota tatu, hata nne. Kwa kweli nilishafungua ukurasa niwape tatu. Kisha nikasema ngoja nirudie ile ya viatu, nikarudisha nyuma, na nani kanitokea? Yuleyule wa mkeka, meno yote nje.

Kwa hiyo moja. Mwezi ujao nitalipia tena, msiniulize kwa nini. Within Our Gates wakiirudisha nitapandisha, na wakimfukuza yule wa za marehemu nitapandisha zaidi, ingawa hapo nafikiri nimekasirika tu, labda ni mtoto wa watu yuko kwenye mafunzo kwa vitendo hata mshahara hana. Hapana, kile kikatuni cha kucheka sikisamehi.

Body and Soul iangalieni wiki hii. Punguzeni sauti kwanza. Na mkikuta tatizo lolote kwenye hiyo filamu, nawaomba, kaeni nalo, msiwaambie.