Mota ya umeme na sola kwenye mashua: uzoefu wangu njia ya Lamu–Shela

Mota hii nimeitumia misimu miwili ya upepo, Kusi na Kaskazi, kwenye mashua ya mbao ya mita 7 inayobeba abiria wanane. Niseme mapema: kwa Shela, na kwa kuvusha watu kwenda uwanja wa ndege wa Manda, inafaa. Kwa Mokowe, gati la upande wa bara, wakati wa Kusi, abiria wana haraka ya kuwahi basi, siitegemei bila mashine ya petroli ya akiba.

Seti ni mota ya kufunga tezini (nyuma ya mashua) ya kilowati 6, betri mbili za lithiamu za volti 51.2 na amp-saa 100 kila moja (jumla kama kilowati-saa 10), paneli tatu za sola za wati 340 juu ya paa la kivuli, kontrola ya MPPT (kifaa kinachorekebisha umeme wa paneli uingie vizuri kwenye betri), na chaja ya kuchomeka kwenye umeme wa nyumba.

Muuzaji alisifu nguvu za mota. Mimi nasema tazama mwendo. Mashua yangu ikienda kilomita 7 kwa saa inakula kilowati 1.5. Nikiipeleka 9, inakula 3. Nikifungua mpaka mwisho inafika 11 hivi na kumeza kilowati zote 6. Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3, kwa hiyo safari ya pole inachukua dakika 26 na kilowati-saa 0.65, ya fujo dakika 16 na kilowati-saa 1.6. Umeokoa dakika kumi kwa kulipa umeme mara mbili na nusu. Sitoi zaidi ya asilimia 80 ya betri, yaani safari 12 za pole, au 5 za mbio.

Hesabu hiyo ni ya maji yaliyotulia, yasiyo na mkondo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, ukienda Shela maji yanajaa, mkondo unakuja usoni. Ukipinga mkondo wa kilomita 4 kwa saa kwa mwendo ule wa 7, unasogea 3 tu: saa nzima, kilowati-saa 1.5. Ndiyo maana napanga zamu kwa maji kabla ya kupanga kwa saa. Kushuka Shela na maji yanayokupwa, kurudi na yanayojaa. Manahodha wa tanga walilijua hili zamani. Petroli ndiyo iliyotusahaulisha.

Jua la Lamu halina shida, ila usidanganyike na wati zilizoandikwa nyuma ya paneli. Zangu ni wati 1,020, na siku nzuri zinaingiza kilowati-saa 4 hivi. Zimelala bapa, zinachemka, na ukungu wa chumvi unazifunika. Zioshe kwa maji matamu kila baada ya siku mbili tatu, alfajiri kioo kikiwa baridi. Zimeungwa mfululizo, kwa hiyo kivuli cha mlingoti wa jirani gatini kikiangukia moja, mavuno ya zote yanashuka. Kinachobaki najaza usiku kwa chaja. Umeme wa gridi ya Kenya nao sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, kwa hiyo hata usiku mashua haijarudi sana kwenye mafuta.

Kosa kubwa la seti: ilikuja na kipimo cha volti pekee. Betri hizi hukaa karibu volti 52 au 53 kutoka zikiwa karibu kujaa mpaka zimebaki theluthi, kisha zinashuka polepole, na zikikaribia kuisha zinaporomoka ghafla. Nunua mita ya shanti inayohesabu amp zinazoingia na kutoka. Bila hiyo utazimikiwa katikati ya mkondo.

Kosa la pili ni nyaya. Waya wa milimita 16 za mraba ulikuwa unapata moto kwenye amp 100. Nimeweka wa 35, wa shaba iliyopakwa bati, kwa sababu shaba tupu hapa hugeuka kijani ndani ya ganda lake. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo la haidroliki, si kwa nyundo. Viunganishi vya sola viwe vya aina moja pande zote mbili. Vya aina tofauti huingiana vizuri kwa macho, lakini ndani vinagusana kidogo, chumvi inaingia, plastiki inayeyuka. Fyuzi ya amp 150 iwe ya aina ya T, karibu kabisa na betri. Ya gari haiwezi kukata shoti ya lithiamu.

Kabla ya kuunga betri mbili sambamba, jaza kila moja peke yake mpaka mwisho, la sivyo iliyojaa itamwaga umeme kwenye tupu na kinga ya ndani itakata. Ziweke katikati ya mashua, chini, kwenye sanduku lenye matundu. Zangu zilipofungiwa bila hewa, saa nane mchana zilikataa kuchajiwa kwa joto. Kila moja ina kilo 45 hivi, kwa hiyo kuzipandisha nyumbani ni kazi ya punda.

Badilisha zinki ya mota, kipande kinacholiwa na chumvi badala ya chuma chake, ikibaki nusu. Na beba pini mbili za rafadha na bisibisi: maji yakipwa, mizizi ya mikoko na vipande vya nyavu huikata pini, na mota inaendelea kuzunguka kimya huku mashua imesimama.